Mama A chanya, baba B chanya, mtoto O hasi: hiyo O imetoka wapi?

Swali: "Mimi ni kundi A chanya, mume wangu ni B chanya. Mtoto wetu wa kwanza ni B chanya, na hapo hakuna aliyesema neno. Wa pili, binti wa miaka minne, alipimwa damu kabla ya kutolewa tonsili, majibu yakaja O hasi. Wifi yangu, ambaye amesoma kidogo mambo ya afya, akasema mbele ya watu kwamba A na B haziwezi kuzaa O, tena chanya wawili hawawezi kuzaa hasi, kwa sababu jeni zenye nguvu huzishinda zilizo dhaifu. Mume wangu hajanituhumu, ila amekuwa mkimya, na juzi ameniuliza kama tupime vinasaba. Mama mkwe hajasema lolote. Najua aliongezewa damu alipojifungua mtoto wake wa mwisho, na kadi yake imeandikwa O hasi. Mimi sijatoka nje ya ndoa. Je, hospitali imekosea? Kama haijakosea, hiyo O imetoka wapi? Binti ana tatizo lolote? Na tupime au tusipime?"

Dada, nianze na lile linalokukosesha usingizi. Mama mwenye A chanya na baba mwenye B chanya wanaweza kabisa kumzaa mtoto O hasi. Sisi tunaofanya kazi na damu tunakutana na familia za namna hii na wala hatushtuki. Tena kwenye maelezo yako kuna mambo mawili umeyataja kama vile hayana uzito, kundi la mtoto wako wa kwanza na kadi ya mama mkwe. Hayo mawili yanabeba sehemu kubwa ya jibu, na nitayarudia baada ya kueleza jinsi mambo yanavyokwenda.

Wifi yako hakutunga uongo. Alichokisema kinatokana na somo la shuleni lililokumbukwa nusu. Tulifundishwa kwamba kuna aleli, yaani matoleo ya jeni, tawala na nyingine fiche, na kwamba tawala huifunika fiche. Miaka ikipita, kichwani hubaki picha ya ugomvi: mwenye nguvu kampiga mnyonge, mnyonge kafa, habari yake imekwisha. Kwa picha hiyo A na B zingekuwa zimeshaimaliza O, na chanya ingekuwa imeshaifuta hasi. Lakini aleli fiche haifi. Inakaa pale pale ndani ya seli ikiwa nzima, inarithishwa kama ilivyo, na siku ikikutana na mwenzake aliye kama yeye, inaonekana.

Tuone inafanyaje hivyo. Karibu kila jeni unayo katika nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala hizo zinaweza kutofautiana kidogo, na kila toleo la jeni hiyo ndiyo tunaita aleli. Jeni ya makundi ya A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Inabeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kimoja, yaani protini inayofanya kazi ya kikemia mwilini, na kimeng'enya hicho kina kazi ndogo mno ukilinganisha na kelele inazozusha kwenye familia za watu: kubandika molekuli moja ya sukari kwenye uso wa seli nyekundu ya damu. Ni hiyo tu.

Seli nyekundu za karibu watu wote zina mnyororo mfupi wa sukari unaoitwa H. Mwenye aleli A ana kimeng'enya kinachoongeza kwenye mnyororo huo sukari iitwayo N-asetilgalaktosamini. Kimeng'enya cha aleli B, ambacho kinatofautiana na kile cha A sehemu chache tu, huongeza galaktosi. Na aleli O je? Aina yake iliyoenea zaidi inafanana sana na A, ila imepungukiwa herufi moja ya DNA. Seli husoma maelekezo hayo kwa mafungu ya herufi tatu tatu, kwa hiyo moja ikidondoka, zote zinazofuata zinasogea na mafungu yanaharibika. Kimeng'enya kinakatika kabla hakijakamilika, na hakiwezi kubandika chochote. Mnyororo wa H unabaki ulivyokuwa, na maabara ikipima inaandika O.

Kwa hiyo O haipigani na A wala haishindwi na A. Ni kazi ambayo haikufanyika. Chukulia chumba kilichopewa mafundi rangi wawili, mmoja anapaka na mwenzake amelala. Ukuta utapakwa tu, na atakayepita kesho hawezi kujua kama walifanya kazi wote wawili au mmoja. Mwenye aleli mbili za A na mwenye A moja na O moja ni hivyo hivyo: kimeng'enya cha nakala moja kinatosha, na kadi zao zote zinaandikwa A. Kipimo cha kawaida cha kundi la damu kinatazama ukuta. Hakiulizi nani alilala.

Sasa mtu akirithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine, mafundi wote wawili wanafanya kazi, kila mmoja na rangi yake, na kundi linakuwa AB. Hakuna anayemficha mwenzake. Hili ni la kulishika, kwa sababu linaonyesha kwamba kutawala si sifa ambayo aleli inayo yenyewe peke yake. A inatawala mbele ya O, lakini mbele ya B haitawali. Ni uhusiano kati ya aleli mbili zilizokutana ndani ya mtu mmoja, basi. Anayesema "jeni yenye nguvu" anazungumzia kitu ambacho ndani ya seli hakipo.

Upande wa chanya na hasi mambo ni yale yale, ila ni jeni nyingine, iliyo kwenye kromosomu ya 1. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo RhD, inayokaa kwenye utando wa seli nyekundu. Ukiwa nayo, wewe ni chanya. Watu walio hasi mara nyingi hawana jeni hiyo kabisa, yaani kipande hicho cha kromosomu kimekosekana, au wanayo ikiwa imeharibika kiasi cha kutotoa protini. Nakala moja nzima inatosha kukufanya chanya. Ili uwe hasi, lazima nakala zote mbili, ya mama na ya baba, ziwe hazitoi kitu. Ndiyo maana chanya wawili wanaweza kumzaa hasi: kila mmoja ana nakala moja nzima na nyingine iliyo kimya, na mtoto akaokota zile za kimya kutoka pande zote mbili.

Na hapo kwenye kuokota ndipo wengi wanapopotea. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, unatoa nakala moja tu kati ya mbili za kila jeni. Uchaguzi huo haujali ipi inatawala. Mwanamume mwenye B na O hatoi mbegu nyingi zaidi za B kwa sababu eti B "ina nguvu". Nusu ya mbegu zake zina B na nusu zina O. Kutawala kunahusu kinachoonekana kwa mtu aliyekwisha kuzaliwa. Katika kurithisha, aleli zote zina haki sawa.

Mtawa Gregor Mendel aliliona hili kwenye bustani ya monasteri huko Brno, katika nchi ya sasa ya Czech, akaliwasilisha mwaka 1865 na kulichapisha mwaka uliofuata. Alichanganya njegere zenye mbegu za mviringo na zenye mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza chote kikatoka mviringo, ungedhani mikunjo imepotea duniani. Akaiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, kisha akahesabu mbegu za kizazi kilichofuata: mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850. Karibu tatu kwa moja. Kinachonivutia mimi kuliko hesabu yenyewe ni kwamba zile zilizorudi hazikurudi nusu nusu, zimekunjamana kidogo kwa sababu zimepita kwa mzazi wa mviringo. Zilirudi zimekunjamana kama zile za mwanzo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye ikagundulika sababu ya mikunjo hiyo: jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza wanga imeharibiwa na kipande cha DNA kilichojichomeka katikati yake. Ni habari ile ile ya fundi aliyelala.

Makundi ya damu yenyewe yaligunduliwa na Karl Landsteiner jijini Vienna, aliyechapisha kazi yake mwaka 1901. Kwamba yanarithiwa kwa utaratibu wa Mendel kulionyeshwa na Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld mwaka 1910, na mwanahisabati Felix Bernstein akafafanua mwaka 1924 kwamba ni jeni moja yenye aleli tatu: A, B na O. Nakutajia miaka hii ili mtu akikuambia "hayo ni mambo ya kisasa ya kuwatetea wanawake", ujue yamefahamika kwa karibu karne nzima.

Sasa tuje nyumbani kwako. Mtoto wa kwanza ni B chanya. B ameipata kwa baba yake, kwa kuwa wewe huna. Wewe ulimpa nini? Ungempa A, angekuwa AB. Hakuwa AB. Kwa hiyo ulimpa O, na hapo tunajua bila kipimo kingine kwamba wewe ni A na O. O yako ilishajitokeza tangu mtoto wa kwanza, siku hizo hakuna aliyekuwa akihesabu.

Mume wako je? Mama yake ni O hasi. Mtu wa kundi O ana O mbili, hana kingine cha kumpa mtoto. Mtu aliye hasi hana nakala nzima ya RhD, hana ya kumpa mtoto. Kwa hiyo mume wako, hata akikataa, amepokea O kutoka kwa mama yake, na amepokea hasi kutoka kwa mama yake. B yake na chanya yake vimetoka kwa baba. Yeye ni B na O, na ni chanya aliyebeba hasi. Nusu ya mbegu zake zina O, nusu zina hasi, na kwa kuwa jeni hizo mbili ziko kwenye kromosomu tofauti na hazifuatani, robo ya mbegu zake zina vyote viwili kwa pamoja.

Na wifi yako, kama yeye na mume wako wamezaliwa na mama mmoja, naye amebeba O na hasi. Sikuambii ukamwambie. Lakini ni vizuri ujue kwamba kile alichokisema hakiwezekani, anatembea nacho mwenyewe.

Nawe, kama majibu ya binti ni sahihi, ni chanya uliyebeba hasi. Kwa wazazi kama ninyi, mtoto yeyote ana nafasi ya robo kuwa AB, robo A, robo B na robo O. Kwa upande wa pili ana nafasi ya robo tatu kuwa chanya na robo kuwa hasi. Robo ya robo ni moja ya kumi na sita, na hiyo ndiyo nafasi ya kupata O hasi. Si kubwa, lakini hebu linganisha: nafasi ya kupata mtoto A chanya kama wewe ni tatu za kumi na sita, sawasawa na ile ya B chanya kama baba yake, na sawasawa na ile ya O chanya. Mtoto wa kundi O kwenu anatarajiwa kama vile anavyotarajiwa mtoto wa kundi A. Na hesabu hii huanza upya kila mimba. Kumpata huyu hakumpunguzii wala kumwongezea nafasi atakayefuata.

Kuna dhana nyingine niliyoisikia ndani ya maneno ya wifi, nayo imeenea sana: kwamba kilicho tawala ndicho kilicho kingi, au ndicho kilicho bora. Aleli O ni fiche mbele ya A na B, na bado kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi duniani. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, unasababishwa na aleli tawala, na ni wa nadra. Kuzaliwa na kidole cha sita mara nyingi ni jambo la aleli tawala, na bado wengi wetu tuna vitano. Wingi wa aleli katika jamii hautokani na kutawala kwake. Mwanahisabati Hardy na daktari Weinberg walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1908, kila mmoja kwa njia yake.

Nikiwa hapo hapo, usiruhusu mtu aanze kulinganisha pua, masikio au kimo cha binti yako na cha baba yake kama ushahidi. Kimo na rangi ya ngozi huamuliwa na jeni nyingi pamoja na mazingira. Hata ule mfano maarufu wa kukunja ulimi kama bomba, ambao vitabu vingi viliufanya kuwa wa jeni moja, haukusimama: kuna mapacha wa kufanana ambao mmoja anaweza na mwenzake hawezi. Kundi la damu ni mojawapo ya sifa chache za kawaida ambazo kweli hufuata hesabu safi ya aleli tawala na fiche.

Utaratibu huu wa kimya una uzito mkubwa zaidi mahali pengine. Mtoto mwenye selimundu au mwenye ualbino kwa kawaida amepata aleli mbili fiche, moja kwa kila mzazi, huku wazazi wenyewe wakiwa hawaonyeshi dalili. Nimeona mama akilaumiwa kwa mtoto mwenye ualbino na baba akijitoa kabisa, wakati kwa aina zilizo za kawaida mtoto huyo asingezaliwa hivyo bila mchango wa baba. Kama katika ukoo wenu au wa mume kuna selimundu na mnafikiria mtoto mwingine, hicho ndicho kipimo ambacho ningewahimiza mkifanye mapema, kuliko hiki cha makundi ya damu.

Turudi kwenye swali lako la kwanza: hospitali imekosea? Inawezekana, kama inavyowezekana siku zote. Makosa mengi ya kundi la damu hayatoki kwenye kemia, yanatoka kwenye majina: chupa mbili zimebadilishana lebo, au jibu limeandikwa kwenye kadi isiyo yake. Kwa mtoto mchanga kuna sababu nyingine, kwani alama za A na B huwa bado dhaifu na kingamwili alizonazo ni za mama. Binti yako ana miaka minne, kwa hiyo hilo halimhusu sana. Maabara inaweza kumpima pande zote mbili, seli zake na majimaji ya damu yake, na majibu yakakubaliana. Ombeni arudiwe kwa sampuli mpya. Nanyi wazazi mpimwe upya siku hiyo hiyo, msitegemee kadi za zamani. Mwenye kuongezewa damu miezi ya karibuni, au aliyewahi kupandikizwa uboho, aseme kabla ya kupimwa, kwa sababu majibu yake yanaweza kudanganya.

Ili uone tofauti, nikutajie hali ambazo zingenifanya nikunje uso. Wazazi wawili wa kundi O wakiwa na mtoto A. Mzazi AB akiwa na mtoto O. Wazazi wawili hasi wakiwa na mtoto chanya. Kwa kawaida hayo hayatokei, na hata hivyo nisingemshtaki mtu kwa kadi hizo tu. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay walieleza kuhusu watu wasio na ule mnyororo wa H. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na aleli A au B nzima kabisa, lakini kimeng'enya hakina pa kubandika sukari, kadi inaandikwa O, na mtoto wake anazaliwa A. Kuna watu wachache walio na kromosomu moja inayotoa A na B kwa pamoja. Kuna protini ya RhD iliyo dhaifu, ambayo kipimo kimoja kinaiona na kingine kinaipita, mtu akaitwa hasi wakati si hasi. Familia yako haihitaji hata kimoja kati ya hivi. Majibu yenu yanaingia kwenye kanuni ya kawaida bila kusukumwa.

Lakini niwe mkweli pande zote. Haya niliyoyaeleza yanathibitisha kwamba hoja ya wifi haina msingi. Hayathibitishi kwamba mume wako ndiye baba wa mtoto. Kundi la damu linaweza kumwondoa mtu kwenye orodha, haliwezi kumchagua, kwa sababu wanaume wengi duniani wanaweza kutoa O na hasi. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachoweza: kinalinganisha sehemu 15 au zaidi za DNA ya mtoto na ya baba, na kwa baba halisi hutoa uhakika wa asilimia 99.99 au kupita.

Mpime au msipime? Ungekuwa mdogo wangu ningekuambia hivi. Sababu iliyoleta wazo la kupima imekufa. Anzeni na kurudia makundi ya damu, kaeni wawili mbele ya mtu wa maabara au daktari, awachoree jinsi O na hasi zilivyopita kutoka kwa bibi kwenda kwa baba hadi kwa binti. Wanaume wengi wanatulia hapo, hasa wakigundua kwamba mtoto anafanana damu na mama yao. Kadi ya mama mkwe ni siri yake mwenyewe, na anayestahili kumuomba ni mwanawe. Usiitoe wewe mbele ya watu, hata kama wifi alianza mbele ya watu.

Akiendelea kuwa na shaka baada ya hapo, sikuambii ukatae kipimo. Mwanamke asiye na la kuficha ana haki ya kukasirika akiombwa, na hasira hiyo msiifiche. Lakini shaka iliyoachwa humo ndani kwa miaka humfikia mtoto. Mkikubaliana, fanyeni kwenye maabara inayotambulika, sampuli zikichukuliwa mbele ya mtumishi na vitambulisho vyenu, na mkubaliane kabla ya majibu ni nani ataambiwa. Nisingekubali mmoja wenu achukue mate au nywele za mtoto kwa siri na kuzituma mahali. Majibu ya namna hiyo hayana mwenyewe wa kuyaeleza, na yakija na kosa hakuna pa kurudi. Sheria za nani anaruhusiwa kuomba kipimo hiki hutofautiana kati ya nchi na nchi, ulizeni kwanza.

Mwone mtaalamu ana kwa ana ikiwa majibu ya marudio yanapingana na ya mwanzo, ikiwa maabara imeandika kwamba RhD ni dhaifu, au ikiwa kuna ugonjwa wa kurithi katika ukoo mnaouhofia. Na kama ule ukimya wa mume utageuka kuwa vitisho au kipigo, usisubiri kipimo chochote. Ondoka na watoto, nenda kwa watu unaowaamini na kwa wanaosaidia wanawake walio katika hali hiyo.

Binti mwenyewe hana tatizo. O hasi si ugonjwa, haidhoofishi damu wala haimfanyi augue haraka. Wewe uliye chanya ulimbeba mtoto hasi bila hatari ya upande huo. Hatari ya Rhesus, yaani ya chanya na hasi kutopatana, huja pale mama anapokuwa hasi na mtoto chanya. Linalomhusu ni mambo mawili. Akihitaji kuongezewa seli nyekundu, anapaswa kupewa za O hasi, ambazo haziko nyingi katika benki za damu, kwa hiyo daktari wa upasuaji wa tonsili ajue mapema, kabla ya siku yenyewe. La pili ni la mbeleni. Akikua na kushika mimba ya mtoto chanya, damu ya mtoto ikichanganyika na yake mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili zitakazoidhuru mimba inayofuata. Kinga ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: sindano ya anti-D, ambayo hutolewa karibu wiki ya 28 ya ujauzito na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Hata mimba ikiharibika, aseme kundi lake. Liandike kundi hilo kwenye kadi yake ya kliniki baada ya kipimo cha marudio, na nakala uiweke wewe, maana kadi za watoto hupotea.